Fremu Mwanangu, Kaa Nikufunde

Sogea hapa, mwanangu, ukae. Muda si mrefu kadi ya mtandao itakusukuma kwenye waya, na ukishatoka hakuna wa kukushika mkono. Wenzako wengi wamepitia mlango huu huu na si wote waliofika. Wengine waliharibiwa njiani na kelele za umeme, wengine waligongana na wenzao, na wengine walifika wakiwa na kasoro ndogo ya biti moja, wakatupwa mlangoni. Ndiyo maana nataka nikufunde kama kungwi anavyomfunda mwari, bila haya na bila kuruka kitu. Nimefanya kazi na mitandao kwa muda mrefu na bado kazi yenu inanishangaza. Hamna mwenyekiti, hamna msimamizi, kila mmoja anaondoka kivyake, na bado mnafika.

Kwanza uelewe kwamba njia si safi na haitakuwa safi. Wewe ni mfululizo wa biti, na kila biti kwenye waya ni badiliko dogo tu la umeme. Mota ya lifti ikiwaka karibu na kebo, plagi ikilegea, radi ikipiga jirani, 0 inasomeka 1 na 1 inasomeka 0. Waya bora zimepunguza balaa hili sana, lakini hakuna aliyelimaliza. Waliobuni mitandao hawakungoja ipatikane waya isiyokosea. Walijenga wakijua kwamba makosa yatakuwepo, na karibu yote nitakayokuambia leo yanatokana na uamuzi huo.

Basi vaa. Mbele yako zitatangulia biti 56 za 1 na 0 zinazopokezana, ili anayepokea alinganishe saa yake na mwendo wako, kisha biti 8 za kumwambia kwamba sasa unaanza kweli. Baada ya hapo inakuja anwani ya unayemwendea, biti 48, halafu anwani ya anayekutuma, biti 48 nyingine, halafu alama ya aina ya mzigo, halafu mzigo wenyewe. Mzigo usizidi baiti 1,500. Ukiwa mdogo mno utajazwa sufuri mpaka wewe mzima, kuanzia anwani hadi mwisho, utimize baiti 64. Usilalamike kwamba unabebeshwa vitu visivyo na maana, sababu yake nitakueleza. Mwishoni kabisa unafungwa mkia wa biti 32.

Mkia huo uulinde. Ndio ushahidi pekee utakaokuwa nao mbele ya mpokeaji, na namna unavyotengenezwa ni hesabu ambayo mtoto wa shule anaweza kuifuata. Chukua ujumbe mfupi, 1101. Mtumaji na mpokeaji wamekwisha kukubaliana juu ya kigawanyo, tuseme 1011. Mtumaji anaongeza sufuri tatu mwishoni, inakuwa 1101000, kisha anagawa. Katika kugawa huku hakuna kukopa. Tarakimu zikifanana zinaleta 0, zikitofautiana zinaleta 1. Linganisha 1101 na 1011, unabaki na 110. Shusha sufuri, unapata 1100, linganisha tena, unabaki na 111. Shusha sufuri, 1110, unabaki na 101. Shusha sufuri ya mwisho, 1010, unabaki na 001. Hiyo 001 ndiyo baki, nayo inakaa mahali pa zile sufuri tatu, kwa hiyo kinachosafiri ni 1101001. Mpokeaji anagawa yote kwa 1011 ile ile. Isipobaki kitu, anapokea.

Sasa tuseme umeme umegeuza tarakimu ya tatu na kilichofika ni 1111001. Mpokeaji akigawa anabaki na 110. Hajui ni tarakimu gani iliyogeuka, wala nani kaigeuza, lakini anajua kwamba alichoshika sicho kilichotumwa. Hicho kinamtosha.

Wewe utagawanywa kwa kigawanyo kirefu zaidi, cha biti 33, ndiyo maana baki yako ni biti 32. Mafundi wanaiita CRC. Kelele ikikupiga mahali pamoja kwa urefu usiozidi biti 32, CRC itaikamata kila mara, haina bahati nasibu hapo. Ukivurugwa kiholela kutoka mwanzo hadi mwisho, uwezekano wa kupita kwa bahati ni kama mara moja kati ya bilioni 4.3. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitumia pariti, yaani biti moja ya ziada inayosema kama idadi ya 1 ni shufwa au witiri. Pariti ni rahisi, ila biti mbili zikigeuka pamoja zinafichiana siri na ujumbe mbovu unapita. Hesabu hii ya baki iliwekwa wazi na W. Wesley Peterson pamoja na D. T. Brown mwaka 1961, na miaka michache baadaye Peterson alihamia Chuo Kikuu cha Hawaii. Lishike jina la Hawaii akilini, tutalirudia.

Ukifika na mkia usiolingana, utatupwa. Ndivyo Etheneti inavyofanya. Hakuna barua ya masikitiko kwa mtumaji, hakuna tanzia. Kihesabu kimoja ndani ya swichi kitaongezeka kwa 1, basi. Wageni wa fani hii huona ni ukatili, mimi naona ni busara. Kadi iliyopokea takataka haiwezi hata kuamini anwani ya mtumaji iliyoandikwa humo, kwa kuwa huenda nayo imeharibika. Ingemjibu nani? Kazi ya kugundua kwamba kuna kitu hakikufika imeachiwa walioandika mzigo wenyewe, kule juu, na wao wana njia zao.

Makosa ya kelele ndiyo hayo. Sasa nikufunde juu ya wenzako, maana hao ndio watakaokusumbua zaidi.

Turudi Hawaii. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu kile walitaka watu walio visiwa vingine watumie kompyuta iliyokuwa Honolulu. Laini za simu zilikuwa ghali na za kubahatisha, kwa hiyo wakachukua redio. Juni 1971 mtandao wao, ALOHAnet, ulianza kufanya kazi kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Masafa yalikuwa mawili: moja la kituo kikuu kurudisha majibu, na jingine la watumiaji wote kupeleka, wote kwenye masafa hayo hayo. Swali lilikuwa la zamu. Nani aseme lini?

Jibu lao lilikuwa la ujasiri: sema ukiwa na la kusema. Usiombe ruhusa. Kituo kikuu kikipokea pakiti yako nzima kitakuambia kimeipata. Usiposikia jibu, jua imeharibika, huenda kwa kelele, huenda kwa kugongana na ya mwenzako. Subiri muda wa kubahatisha, kisha tuma tena. Neno zito hapo ni kubahatisha. Wawili waliogongana wakisubiri muda ule ule, watagongana tena saa ile ile, na tena, na tena.

Ujasiri huo una gharama yake, na inapigika hesabu. Pakiti yako inaharibika ikiwa mwingine ameanza kusema wakati wowote ndani ya urefu wako, au alianza kabla yako na hajamaliza. Muda wa hatari ni mara mbili ya urefu wa pakiti. Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho, unakuta kwamba njia inayotumiwa namna hii, hata ikienda vizuri kabisa, haipitishi zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wake. Larry Roberts alipendekeza mwaka 1972 kwamba saa igawanywe vipande na kila mtu aanze mwanzoni mwa kipande tu. Muda wa hatari ukapungua nusu na kiwango kikapanda hadi asilimia 36.8. Bado zaidi ya nusu ya njia inapotea. Lakini tazama walichopata kwa hasara hiyo: mtandao ambao mgeni anaweza kuingia na kuanza kusema bila mtu yeyote kubadilisha orodha yoyote ya zamu.

Aliyechukua wazo hilo na kulifunza adabu ni Robert Metcalfe. Alikuwa akilisoma na kulichambua tangu masomo yake ya uzamivu Harvard, na alipokuwa Xerox PARC, Palo Alto, akaandika tarehe 22 Mei 1973 waraka wa mtandao wa ndani ya jengo. Yeye na David Boggs wakaujenga kwa kebo moja nene ambayo kompyuta zote zilijishikiza, kwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Hiyo ndiyo Etheneti, ukoo wako. Mwaka 1980 ilipanda hadi megabiti 10, na ni katika toleo hilo ndipo mafunzo yako yalipoandikwa kwa namba kamili. Yashike moja moja.

Sikiliza kabla ya kusema. Waya ikiwa na mtu, ngoja amalize. Akimaliza usimrukie, subiri mikrosekunde 9.6 ili masikio ya wote yatulie, ndipo uondoke.

Sikiliza ukiwa unasema. Hili ndilo lililowashinda watu wa redio. Kwenye waya kadi yako inaweza kupima umeme uliopo na kuulinganisha na ule inaoutoa. Umeme ukizidi, kuna mtu mwingine anasema.

Utaniuliza, kama kila mtu anasikiliza kwanza, kugongana kunatoka wapi? Kunatoka kwenye umbali. Ishara kwenye kebo inakwenda zaidi ya kilomita 200,000 kwa sekunde, ni kasi kubwa lakini si papo hapo. Mashine iliyo mwisho wa huku ikianza kusema, ya mwisho wa kule bado inasikia kimya. Nayo inaanza. Zinakutana katikati. Na ubaya ni kwamba habari ya mgongano inahitaji muda wa kurudi hadi kwa aliyetangulia. Kama umekwisha kumaliza kusema kabla habari hiyo haijakufikia, utaondoka ukidhani umefika salama.

Hapo ndipo penye zile sufuri ulizojazwa. Wabunifu waliweka mpaka kwamba mashine mbili zisiachane zaidi ya mita 2,500. Wakahesabu muda wa ishara kwenda na kurudi, wakaongeza ucheleweshaji wa vifaa vilivyo katikati na akiba kidogo, wakafikia mikrosekunde 51.2. Kwa megabiti 10 kwa sekunde muda huo ni biti 512, yaani baiti 64. Fremu isiyopungua baiti 64 inakuwa bado mdomoni mwa mtumaji wakati habari ya mgongano inarudi. Urefu wako wa chini, mwanangu, ni urefu wa jengo ulioandikwa kwa biti. Katika fani hii sijui namba ninayoipenda kuliko hiyo.

Ukigundua umegongana, nyamaza, lakini kwanza piga yowe. Toa biti 32 za fujo ili kila mtu kwenye waya ajue kuna mgongano na asije mmoja akadhani mabaki yako ni fremu. Kisha ondoka njiani, ukapige kura.

Kura inapigwa hivi. Ukigongana mara ya kwanza, chagua 0 au 1, na usubiri idadi hiyo ya vipande vya mikrosekunde 51.2. Mkigongana tena, chagua kati ya 0 na 3. Mara ya tatu, kati ya 0 na 7. Kila mgongano unapanua uwanja maradufu. Mkiwa wawili, uwezekano wa kugongana tena baada ya mgongano wa kwanza ni nusu, baada ya wa pili ni robo, baada ya wa tatu ni moja ya nane. Kwa wawili hao kufikia mgongano wa nne mfululizo ni 1 kati ya 64. Uwanja unaacha kupanuka kwenye mgongano wa kumi, ukiwa na chaguo 0 hadi 1,023, ambapo ngoja ndefu kuliko zote ni kama milisekunde 52. Na ukigongana mara ya kumi na sita, acha. Kadi itakutupa na kumwambia mwenye mzigo kwamba imeshindikana.

Nataka uone uzuri wa jambo hili. Wewe hujui mko wangapi kwenye waya. Hakuna aliyekuambia na huna wa kumuuliza. Migongano ndiyo habari pekee unayoipata. Mgongano mmoja unaweza kuwa wa bahati mbaya, mitatu mfululizo ni dalili ya umati. Kwa kujiongezea ngoja maradufu kila unapogongwa, unaukadiria umati usiouona na kujipima kwa kiasi chake. Mkiwa wachache mnaachana haraka, mkiwa mia mnatawanyika kwa mapana. Haya yote yanafanyika na kila mmoja akiwa peke yake, kwa kura na kihesabu kidogo tu.

Kuna dhuluma moja humo na sitakuficha, inanikera. Mashine mbili zenye mengi ya kusema zikigongana, anayeshinda kura ya kwanza anatuma, na kihesabu chake kinarudi sufuri. Aliyeshindwa anabaki na chake. Kwenye mgongano unaofuata, mshindi anachagua tena kati ya 0 na 1, na mnyonge anachagua kati ya 0 na 3. Mshindi ana nafasi kubwa ya kushinda tena, na kila akishinda mwenzake anazidi kurudi nyuma. Waya inaweza kushikwa na mmoja kwa muda mrefu namna hiyo. Kanuni ya haki kwa kila mgongano mmoja ilizaa upendeleo kwa mfululizo wake, na haikurekebishwa ndani ya waya. Iliondoka pale watu walipoacha kushirikiana waya.

Neno kidogo juu ya ncha za kebo, kwa wale wenu mnaopita kwenye koaksia za zamani. Kila ncha ilivalishwa kizibo cha omu 50 ili kuumeza umeme unaofika. Kizibo kikianguka, ishara inagonga mwisho wa waya na kurudi ilikotoka, fremu inakutana na mwangwi wake yenyewe, na mtandao wa jengo zima unazimika kwa kipande cha chuma kilichoviringika chini ya meza.

Siku hizi huenda usikutane na haya. Swichi imempa kila mmoja waya wake, na tangu 1997 kiwango kinaruhusu kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Hakuna wa kugongana naye. Foleni imehamia ndani ya swichi, na foleni ikijaa unatupwa huko. Ila adabu ya zamani bado imelala ndani ya kadi nyingi, na ikiamshwa upande mmoja tu inaleta maradhi magumu kuyatambua.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako kila mtu alisema mtandao ni mzito, na kila kipimo kilisema ni mzima. Vipakiti vidogo vya kupima vilikwenda na kurudi bila tatizo. Mtu akianza kunakili faili kubwa kwenda kwenye seva, mwendo unaanguka kiasi cha kuchekesha kama si cha kuliza. Nilifungua vihesabu vya swichi na vya seva. Upande mmoja wa kebo: migongano ya kuchelewa, mamia, inaongezeka ninavyotazama. Upande wa pili wa kebo hiyo hiyo: makosa ya CRC, mamia vile vile, na hakuna hata mgongano mmoja. Ukiona jozi hiyo usibadilishe kebo, maana kebo haina kosa. Mtu alikuwa ameifunga seva kwa mkono iseme na kusikiliza kwa pamoja, bila kujadiliana na mwenzake. Swichi ilijaribu kujadiliana, haikujibiwa, na kanuni inasema ukikosa jibu chukua njia ya zamani, ya kupokezana. Basi swichi ikiwa katikati ya kusema inasikia seva inaanza, inadhani wamegongana, inakata maneno na kupiga yowe. Seva haijui kitu kinachoitwa mgongano, inaendelea kusema na kupokea vipande vilivyokatwa, na kila kipande inakihesabu kuwa kimeharibika. Pande zote mbili ziliporuhusiwa kujadiliana, vihesabu vilisimama hapo hapo. Tafadhali, wenye kushika mitandao: acheni pande mbili zijadiliane zenyewe, au zifungeni zote mbili sawasawa. Nusu nusu hapana.

Kama safari yako ni ya waifai, sahau raha ya swichi. Umerudi Hawaii. Hewa ni moja, na redio yako inaposema inajiziba masikio, kwa kuwa sauti yake yenyewe ina nguvu kupita kiasi ikilinganishwa na ya aliye mbali. Mgongano huwezi kuusikia ukitokea, kwa hiyo unaukwepa kabla. Hewa ikiwa kimya, usiondoke. Chagua namba, hesabu ukirudi nyuma, na mwingine akianza kusema simamisha hesabu yako palepale, akimaliza uendelee ulipoishia. Ukifika sufuri, ondoka. Aliyekupokea atakagua mkia wako, na ukiwa mzima atarudisha kifremu cha kuthibitisha baada ya pengo fupi, mikrosekunde 10 kwenye gigahezi 2.4. Pengo hilo limefanywa fupi kuliko ngoja ya mtu mwingine yeyote, ili uthibitisho usikatizwe. Uthibitisho usiporudi, uwanja wa kura unapanuka maradufu, na unajaribu tena.

Jihadhari na usiyemsikia. Kompyuta mbili zikiwa pande mbili za ukuta mnene, zote zinasikiwa na kifaa cha waifai kilicho katikati, lakini zenyewe hazisikiani. Kila moja inasikiliza kwa adabu, inasikia kimya, inaondoka. Zinagongana masikioni mwa kile kifaa. Dawa ni kuomba kwanza: unatuma kifremu kidogo cha kuomba nafasi, kifaa kinajibu kwa sauti ambayo pande zote zinaisikia, kikitaja muda utakaochukua, na wengine wananyamaza muda huo. Dawa hii inakula muda, kwa hiyo haifai kwa mizigo midogo.

Na kwa wanaofunga waifai kwenye maghorofa ya Kariakoo au Eastleigh, ambako kila mlango una kifaa chake: kwenye gigahezi 2.4 tumieni chaneli 1, 6 au 11. Najua chaneli 3 inaonekana iko wazi. Haiko wazi. Inapandiana na ya 1 na ya 6 pia, na fremu za chaneli inayopandiana hazisikiki kama maneno ya jirani unayeweza kumpisha, zinasikika kama kelele. Afadhali kushirikiana chaneli moja na jirani, mkasikiana na kupeana nafasi. Maikrowevu ya jikoni nayo inafanya kazi karibu na gigahezi 2.45, na yenyewe haisikilizi mtu.

Maisha yako wewe fremu ni mafupi. Kwenye rauta ya kwanza utavuliwa, na mzigo wako utavishwa fremu nyingine, na nyingine, mpaka ufike. Anayehesabu kama mzigo mzima umefika ni TCP, kwenye kompyuta mbili za mwanzo na mwisho. Anaupa mzigo namba, anangoja uthibitisho, na usipokuja kwa wakati anatuma tena. Hapo ndipo intaneti ilipokaribia kujiua. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, umbali wa mita zisizofika 400, mwendo ulianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti 40, mwanangu. Rauta zilikuwa zimejaa, uthibitisho ukachelewa, watumaji wakadhani mizigo imepotea, wakatuma nakala. Nakala zikajaza foleni zaidi, uthibitisho ukachelewa zaidi, zikatumwa nakala za nakala.

Van Jacobson, akifanya kazi na Michael Karels, alilichunguza anguko hilo na mwaka 1988 akachapisha dawa. Mzigo ukipotea, usikimbilie kurudia kwa nguvu ile ile. Punguza kiasi unachotuma, nusu kwa nusu, na mambo yakienda vizuri ongeza kidogo kidogo. Ni funzo lile lile la kura ya Etheneti, sasa likitumika duniani kote bila waya wa pamoja.

Lakini hapa pana kitendawili ambacho hakijaisha, nami nakuomba ukielewe kuliko yote niliyosema. Mzigo uliopotea hausemi uliuawa na nini. Ukiwa umeuawa na kelele, dawa ni kurudia mara moja, kwa kuwa njia iko tupu na hakuna wa kumpisha. Ukiwa umeuawa na msongamano, dawa ni kusubiri na kupunguza. Dawa mbili zinazopingana, na mtumaji aliye mbali anaona kitu kimoja tu: kimya. TCP ilichagua kudhani ni msongamano, na naunga mkono uchaguzi huo, kwa sababu anayekosea kwa kupunguza anajichelewesha mwenyewe, na anayekosea kwa kukazana anawaangusha wote. Hata hivyo gharama ilionekana waifai ilipoenea, ambako kelele ni nyingi na mtumaji angepunguza mwendo bila sababu. Ndiyo maana kifaa cha waifai hakingoji TCP agundue. Kinarudia chenyewe mara kadhaa, palepale, ili kelele ya chumbani isifike kwa mtumaji wa ng'ambo ikadhaniwa ni foleni.

Kuna mahali ambako hata kurudia ni anasa. Richard Hamming, wa Bell Labs, alichoka na mashine ya hesabu iliyogundua kosa mwishoni mwa wiki na kuitupa kazi yake. Kilichomshughulisha ni kwamba mashine inaweza kugundua kosa, lakini haiwezi kuonyesha mahali lilipo na kulisahihisha. Mwaka 1950 alichapisha njia: kwa kila biti nne, ongeza biti tatu zilizopangwa vizuri, na biti yoyote moja ikigeuka itajulikana ni ipi. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon walikwenda mbali zaidi, na kanuni yao ilisaidia vyombo vya Voyager kuleta picha kutoka sayari za mbali, ambako kuuliza "umesemaje?" kunachukua saa. Marekebisho ya ukoo huo yanafanyika pia kwenye ncha za kebo za mwanga za chini ya bahari zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Mwanga unafika ukiwa na makosa mengi kuliko wanavyodhani watu wengi, na unasahihishwa kabla hata fremu haijaundwa upya.

Mwisho, angalia ulichobeba. Kikiwa ni faili, malipo ya benki au barua, ukipotea lazima utumwe tena, hata mara tano, kwa kuwa faili lenye pengo halifunguki na malipo yenye pengo ni wizi. Kikiwa ni sauti ya mtu aliye Muscat anayempigia mama yake Zanzibar, ukipotea usirudiwe. Kipande chako ni cha milisekunde 20 hivi. Programu ya upande wa pili italiziba pengo kwa kurefusha sauti iliyotangulia, na mama hatagundua. Ukija umechelewa utakuta neno jingine limekwisha kusemwa, na hakuna pa kukuweka.